Shangazi, tangu ile kura majirani hatusalimiani

Shangazi shikamoo,

Naomba jina langu usilitoe maana wenzangu wanakusoma sana na hii habari wakiiona tu watajua ni sisi.

Mimi ni katibu wa kikundi cha majirani, tuko kaya kama arobaini hivi. Si kikundi cha siasa kabisa, tulianza kwa ajili ya kusaidiana mtu akiugua au akifiwa, baadaye tukaongeza kuzibua mtaro na timu ya mpira ya watoto. Miaka yote tumegombana mambo ya kawaida tu, nani hajatoa mchango, nani kaegesha gari njiani, kesho yake yameisha.

Ikaja hii kura ya maoni ya taifa, Ndiyo na Hapana. Mwanzoni ilikuwa utani, watu wanatupiana vijembe kwenye grupu wanacheka, mara vijembe vikaanza kuwa vikali, mara mtu anaitwa msaliti, mwingine anaitwa aliyenunuliwa, na sisi tunasoma tu tunasema itapita. Matokeo yakatoka, Ndiyo wameshinda kwa tofauti ndogo sana. Usiku ule ule baba mmoja wa upande wa Ndiyo akarusha voisi kwenye grupu, anacheka, nyuma yake unasikia watu wanashangilia, anasema "mlioshindwa poleni, hii nchi ina wenyewe, asiyetaka njia iko wazi ahame." Chini yake yakafuata makofi ya emoji.

Sasa mweka hazina wetu ni mama mtu mzima, alikuwa Hapana waziwazi, na familia yake ilihamia hapa ikitokea kwingine. Hiyo "ina wenyewe" alijua inakwenda kwa nani. Hakujibu neno. Asubuhi tunaamka tunakuta amelefti, na nyuma yake wakalefti wengine kumi na kitu. Daftari la hesabu mpaka leo liko kwake na hakuna mwenye ubavu wa kwenda kuliomba.

Kilichonisukuma kukuandikia ni hiki. Juzi mzee mmoja kalazwa, naye ni wa Hapana. Zamani ningetuma meseji moja tu na zamu za wodini zingejaa kabla sijaweka simu chini. Safari hii nimetuma, naona tiki za bluu tu, kimya, mwisho kijana wake ndiye aliyeshinda hospitalini peke yake. Wenzao wa Hapana wakasema "si mnaona?" na sasa wamefungua grupu lao. Hata timu ya watoto imegawanyika, kocha ni ndugu yake huyo wa voisi, kwa hiyo nusu ya watoto hawaletwi mazoezini, na waliobaki wanawauliza wenzao shuleni "nyie ni Hapana?" Mtoto wa miaka tisa, Shangazi, Hapana ya nini anaijua?

Mwenyekiti anataka tufanye sherehe kubwa ya maridhiano, mahema, spika, mgeni rasmi, hotuba, kila mtu apeane mkono yaishe. Wengine wanasema tupige marufuku siasa kwenye grupu milele, anayegusa anatolewa. Mimi nilipiga Ndiyo na watu wanajua. Mdogo wangu wa kike anakaa nyumba ya pili kutoka kwangu, yeye alipiga Hapana, nilipomgusia hilo la sherehe akanijibu "msituite kwenye kikao chenu cha kutusamehe" akafunga mlango. Nifanyeje?

Katibu aliyechoka

---

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma nikarudia, na sentensi yenye akili kuliko zote humo ni hiyo ya mdogo wako. Wewe umeiona kama hasira, mimi naona kakupa jibu la nusu ya maswali yako bure. Fikiria mwenyewe, walioshinda ndio wanaotengeneza sherehe, wao ndio wanachagua mgeni rasmi, wao ndio wanashika maiki wanasema "tusahau tofauti zetu." Aliyeshindwa anayekaa kwenye kiti cha plastiki pale nyuma anasikia nini? Anasikia kwamba alikosea kupiga kura alivyopiga na leo ameletwa kuondolewa kosa. Na kupiga Hapana si kosa, kama ambavyo kupiga Ndiyo si kosa. Kwa hiyo mwambie mwenyekiti mahema ayarudishe, kwa heshima zote.

Sasa tuchambue, manake kwenye kichwa chako mambo mawili yamechanganyika. Kuna kura, halafu kuna voisi. Kura ni watu kutofautiana, na hiyo haina dawa wala haihitaji dawa. Voisi ni mtu kumtukana jirani yake na kumwambia ahame. Hiyo ina mwenyewe, ina saa iliyotumwa, iko kwenye simu za watu mpaka leo. Mkiita vyote viwili "tofauti za kisiasa" mnampa yule baba kichaka cha kujifichia, na mnamwambia yule mama kwamba kilichomuumiza ni kushindwa kura tu. Najua kuna mtu hapo kwenu atasema yaliyopita si ndwele. Mwambie aende akamwambie mweka hazina uso kwa uso, tuone kama ataimaliza hiyo methali.

Basi anza na voisi. Usianze kwenye grupu, kwenye grupu mtu anatetea heshima yake mbele ya watazamaji hata akijua amekosea. Mtafute mtu ambaye yule baba anamsikiliza, awe na yeye wa Ndiyo, tena mkubwa kwake, muende wawili. Msimuombe ajutie kura yake, hilo lisiguswe kabisa maana mkiligusa tu mazungumzo yamekwisha. Mnamuomba kitu kidogo na kigumu, aseme alichosema, aseme hakikuwa sawa, na aseme hakuna mtu wa kuhama mtaa huu. Bila "kama kuna aliyeumia." Hiyo "kama" inaharibu kila kitu, waliolefti zaidi ya kumi unauliza kama kuna aliyeumia? Na kwa sababu wenyewe hawamo tena kwenye grupu, kuandika kwenye grupu peke yake hakutoshi, atembee kwa miguu yake mpaka mlangoni kwa yule mama. Akitaka kusindikizwa msindikizeni, ila maneno aseme yeye.

Na wewe mwanangu, hapo wewe ni admini. Ile voisi ilikaa pale usiku kucha na makofi juu. Ningependa ufanye kazi moja ndogo, rudi kwenye ile voisi uhesabu walioweka makofi ni wangapi kweli. Sijui utapata idadi gani ila nina wasiwasi utakuta ni wachache kuliko unavyokumbuka, halafu wengine wote walikuwa kimya kama wewe. Tatizo la kimya ni kwamba aliyetukanwa hawezi kukitofautisha na makofi. Yeye kaondoka akiamini nyumba zote za Ndiyo zinamtaka ahame.

Hii kitu si kwenu tu. Mwaka 2019 shirika la More in Common lilichapisha utafiti uliofanywa Marekani, waliwauliza watu wa vyama viwili vikubwa, wenzenu wa upande wa pili ni asilimia ngapi wenye misimamo mikali? Kila upande ukakadiria karibu mara mbili ya hali halisi. Na kinachochekesha, kama kinachekesha, ni kwamba wanaofuatilia habari muda wote ndio waliokosea zaidi kuliko wale wanaozisikia mara moja moja. Yaani kadiri mtu anavyoshinda kwenye simu akisoma habari za "wale" ndivyo anavyozidi kutowajua. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya watu wa Ndiyo ambao hawakushangilia ni kusema hivyo kwa midomo yao, mlango kwa mlango: "ile voisi haikuwa yangu na sikuipenda." Inatosha, hakuna haja ya risala.

Ukienda kwa mweka hazina usiende na habari ya daftari! Nakuomba sana. Ukienda mara ya kwanza ukauliza daftari umemthibitishia kwamba shida yenu ni pesa, yeye hata akibaki huko aliko sawa tu. Nenda na habari za mzee aliyelazwa, au nenda bila habari yoyote. Daftari litakuja lenyewe, na likija, kwa mtazamo wangu libaki kwake, aendelee kuwa mweka hazina kama anataka, tena muulizwe mbele ya watu wote ili ijulikane kwamba mnamuamini na hela.

Sasa nije kwenye hili la kukusanyana, maana hapa ndipo watu wengi wanapokwama. Wanadhani ukishawaweka watu pamoja, wakala pamoja, wakasikiliza muziki pamoja, chuki inayeyuka. Mwaka 1954 kuna mtafiti anaitwa Muzafer Sherif alifanya jaribio kule Oklahoma, Marekani, kwenye kambi ya likizo ya wavulana wa miaka kama kumi na moja. Akawagawa makundi mawili, wakajipa majina, akawashindanisha michezo kwa zawadi, na haikuchukua muda wakawa wanachomeana bendera na kuvamiana vyumba usiku. Akajaribu kuwapatanisha, na njia ya kwanza ilikuwa kama hii ya mwenyekiti wenu, waangalie filamu pamoja, wale pamoja. Matokeo yake? Wakatukanana na kurushiana chakula! Kukaa karibu kulikuwa ni nafasi nyingine ya kugombana tu.

Kilichosaidia ni shida. Maji ya kambi yakakatika, yalikatwa makusudi na watafiti lakini watoto hawakujua, ikabidi makundi yote mawili yafuate bomba mpaka kwenye tenki kutafuta palipoziba. Siku nyingine lori la kuleta chakula likagoma kuwaka, wakalifunga kamba wakalivuta wote, na kamba yenyewe ni ile ile waliyokuwa wanavutania wakati wa mashindano. Haikutosha mara moja, baada ya maji walirudi kutukanana, ila kazi moja baada ya nyingine ikapunguza, mpaka siku ya kurudi nyumbani wengi wao wakataka kupanda basi moja. Kuna waliomkosoa Sherif baadaye kwamba ule ugomvi watafiti wenyewe waliuchochea, na ni kweli, kuna jaribio lake la kabla ya hapo lilivunjika watoto walipogundua kwamba wanachezewa. Mimi hiyo ndiyo sehemu ninayoipenda. Nyie kwenye kampeni ni nani aliyewagawa mkapewa majina mawili, mkapewa nyimbo na rangi? Mtaa wenu haukuamka siku moja ukajigawa wenyewe.

Kwa hiyo angalia mtaani kwenu, kazi zinazowahitaji wote ni zipi? Mbona umeshanitajia mwenyewe bila kujua. Mtaro. Mzee wodini. Timu ya watoto. Mtaro ukiziba maji hayaulizi nyumba ilipiga nini. Anza na mzee kwa sababu hawezi kusubiri. Usitume tena meseji ya jumla kwenye grupu, meseji ya jumla siku hizi kwenu kila mtu anamwachia mwenzake, mpigie mtu simu mmoja mmoja: "Alhamisi mchana unaweza? Utakuwa na fulani." Na huyo fulani awe wa upande wa pili. Usitangaze kwamba umewachanganya makusudi, usiseme ni zamu za maridhiano, we panga tu kama katibu anavyopanga. Watu wawili wakikaa wodini kwa muda wa saa mbili pembeni ya kitanda wanaongea habari za mgonjwa, za daktari kuchelewa, za watoto, kura inaweza isitajwe kabisa na hapo ndipo salamu inaporudi. Wakiitaja pia sawa, wataongea kwa sauti ya chini maana ni wodini.

Timu ya watoto inahitaji kocha wa pili. Hata kama huyu wa kwanza ni mzuri na hana kosa lolote, mzazi wa Hapana akiangalia uwanjani haoni mtu wake. Mtafuteni mmoja kutoka upande ule, wapewe kazi sawa, si mmoja awe kocha na mwingine mbeba maji. Na kamati yenu iangalieni hivyo hivyo, kama tangu mama alefti imebaki ya Ndiyo watupu basi msishangae wenzenu wakiita "kikao chenu." Kuhusu watoto kuulizana shuleni, kila mzazi amalize nyumbani kwake, mtoto anabeba alichokisikia mezani.

Marufuku ya siasa siipendi. Inaonekana ya haki ila angalia inamfaa nani, aliyeshinda hana haja ya kuongea tena, ameshapata alichotaka, anayefungwa mdomo ni aliyeshindwa ambaye ana hofu na anataka kuuliza sasa itakuwaje. Na hayo mabadiliko yaliyopigiwa kura yakianza kufanya kazi yatawagusa wote, mtahitaji mahali pa kuulizana. Kataza vitu vinavyoonekana kwa macho. Meseji za kufowadi ambazo mtumaji mwenyewe hajui zimetoka wapi, hapana. Kumwambia jirani ahame, au kumtaja kwa alikotoka, inafutwa hapo hapo na mtu anaambiwa, awe nani. Na iandikwe na watu wa pande zote mbili, usiiandike wewe peke yako usiku ukaibandika.

Wengine kwenu watasema tusubiri viongozi wapatane kwanza. Wasisubiri. Kenya tarehe 9 Machi 2018 Uhuru Kenyatta aliyekuwa rais na mpinzani wake Raila Odinga walitokea mbele ya Harambee House, ofisi ya rais, wakapeana mkono, nchi nzima ikaona, na ilisaidia kutuliza mambo sikatai. Ila waliotukanana mitaani mwaka mzima wa uchaguzi wa 2017 hawakuwepo kwenye ule mkono. Wakubwa wanaweza kuelewana asubuhi moja kwa hesabu zao wenyewe, jirani yako hana taarifa na wala hakuulizwa.

Sasa wewe na mdogo wako, na hapa ndipo naona roho yako iko hasa ingawa umeliweka mwisho. Usijifanye huna upande, anajua ulivyopiga, ukijifanya refa atakuona mnafiki. Nenda umwambie alikuwa sahihi kuhusu sherehe na kwamba imefutwa. Halafu usimueleweshe! Hamu ya kumueleza kwa nini Ndiyo ilikuwa nzuri kwa nchi ikikupanda, imeze. Kuna wenzetu Marekani, Braver Angels, walianza mwisho wa 2016 baada ya ule uchaguzi wa Trump na Clinton, wanawakalisha watu wa pande mbili chumba kimoja na sharti ni kwamba hakuna kumbadilisha mtu. Wana zoezi lao moja ninalolipenda, kila upande unajibu wenyewe, watu wanatusema vibaya vipi, ukweli ni upi, na je kwenye hayo wanayotusema kuna chembe yoyote ya kweli? Jaribu na mdogo wako, ila anza wewe kujibu kuhusu upande wako. Ukisema "ni kweli sisi tulishangilia vibaya" kabla hajasema yeye, mlango hautafungwa haraka hivyo.

Ila usitegemee atakuja kukubali kwamba kura yake ilikuwa mbaya, wala wewe yako. Uingereza walipiga kura ya kutoka Umoja wa Ulaya mwaka 2016, asilimia 51.9 kwa 48.1, na miaka kadhaa baadaye watu walikuwa bado wanajitambulisha kwa upande waliopiga siku ile, wengi kwa nguvu kuliko hata kwa vyama vyao. Mnaweza kuzeeka mkiwa Ndiyo na Hapana na bado mkazibua mtaro mmoja.

Lile grupu jipya la wenzenu liacheni. Msiwaombe walifunge, msitume mtu wa kuchungulia kinachosemwa humo, watu waliofukuzwa kwa maneno wana haki ya kuwa na mahali pa kupumulia. Cha kufanya ni matangazo ya mgonjwa, msiba na mtaro yawafikie na wao kila mara, kwa simu kama hawamo, na yasiwafikie yakiwa yamechelewa.

Na yule baba akikataa kwenda kwa mama? Inawezekana, wengine kiburi kinawashinda. Msimfukuze, mkimfukuza mtapata grupu la tatu. Akae kama mwanachama, alipe mchango wake, akiugua mumpangie zamu kama mzee, lakini ukaptaini, ukamati, uadmini, kusimamia kitu chochote cha watu wote, asubiri mpaka aende. Na mwenyekiti ndiye amwambie hivyo, si wewe.